Ngazi Juu ya Korongo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu, tope lilikuwa limevuka kizingiti cha nyumba ya Nyirarukundo na kufika kwenye miguu ya kitanda.

Trinah Kaze aliliona kabla hajasalimia. Lilikuwa tope jekundu, laini kama uji, na ndani yake mlikuwa na vipande vya mbao vilivyorandwa vizuri na kupakwa vanishi. Mbao hizo alizijua. Zilitoka kwenye ngazi za njia ya matembezi iliyopanda mlimani nyuma ya nyumba. Hakuna mtu mwingine pale Rwezamenyo ambaye angepaka vanishi ubao wa kukanyagwa.

"Karibu, mwalimu," Nyirarukundo alisema bila kuacha kufagia. "Leo chai hakuna. Iko maji ndani, iko maji nje, lakini ya chai hakuna. Jiko limelowa."

Alikuwa mjane aliyepita miaka sabini, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu wa mikaratusi. Kila Jumapili klabu ya watembea kwa miguu iliacha mifuko barazani kwake, ikapanda mlima, ikarudi kunywa chai ya tangawizi na kula viazi vitamu vya kuchemsha. Klabu haikuwa na makao mengine. Trinah, mwalimu wa jiografia aliyekulia Karagwe upande wa Tanzania na kurudi upande huu wa mpaka na wazazi wake akiwa msichana, alikuwa amejiunga nayo kwa sababu ya mlima. Aliendelea kuja kwa sababu ya mlima na ya ile chai.

Alichukua koleo lililoegemezwa ukutani, na hapo ndipo alipoona alama. Ilikuwa X kubwa nyekundu, imeanzia chini ya dirisha hadi karibu na ardhi.

"Na hii je, mama?"

"Hiyo ya juzi. Mudugudu amekuja na kopo yake. Anasema nyumba iko mahali pa hatari. Amenipa mpaka Jumatano ile ya baada ya umuganda, kazi yetu ya mwisho wa mwezi. Halafu inabomolewa."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia apake vizuri, asichafue dirisha."

Mudugudu ni mtaa mdogo kabisa katika utawala, na watu humwita kiongozi wake kwa jina hilohilo. Wa pale aliitwa Mahoro, mtu mpole aliyeuza vipuri vya pikipiki na ambaye hakupenda ugomvi na mtu yeyote, hasa aliye juu yake. Alama ile haikuwa wazo lake. Lakini mkono ulioipaka ulikuwa wake.

"Mama, tangu umejenga hapa, maji yaliwahi kuingia ndani?"

"Nimejenga hapa barabara ilikuwa bado ya vumbi. Maji yanapita kule." Alielekeza fagio kushoto, kwenye kichaka kilichokuwa kando ya ua. "Kule ndiyo njia yake. Mwaka huu yamekuja kwangu. Sijayaita."

Sauti ya mtu ikasikika nje ikiimba kwa furaha. Fundi Hamidu Nizeyimana, mwenyekiti wa klabu, alikuwa anakuja na vijana wanne wa kutembea nao, wote wamevaa traksuti za kijani zenye mstari mweupe begani. Traksuti hizo alizishona mwenyewe. Babu yake alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani, akafungua cherehani hapo Rwezamenyo, na tangu hapo hakuna Nizeyimana aliyefanya kazi nyingine.

"Wanafunzi wa mlima!" aliita. "Nani kalala?" Kisha akaona tope. "Laa haula. Bibi, umehamishia mlima ndani?"

"Umehamia wenyewe. Haukubisha hodi."

Hamidu alicheka, akavua viatu, akaingia kusaidia. Siku hiyo hakuna aliyepanda mlima.

*

Wakati wakitoa tope, Trinah aliyapanga mambo kichwani kwa utaratibu wake, tangu mwanzo.

Kiangazi kilichopita, mwezi wa saba, kampuni iitwayo Miguu Juu ilipata ruhusa ya kutengeneza njia ya matembezi na baiskeli kutoka mtaani hadi kwenye mgongo wa mlima. Wataalamu wake walikuja na vigingi na utepe wa njano. Mlima wakati huo ulikuwa mkavu hadi mizizi, nyasi zimekuwa rangi ya kahawia, na vumbi likipanda nyuma ya kila mtu aliyetembea. Wataalamu walitafuta mahali pasipo na miti, ili wasikate mingi. Wakapapata. Kulikuwa na ukanda mrefu ulioshuka moja kwa moja kutoka juu, mpana kiasi cha watu watatu kupita bega kwa bega, hauna mti hata mmoja. Walifurahi kana kwamba mlima umewatayarishia njia. Hawakujiuliza kwa nini miti ilikataa kuota hapo.

Lilikuwa korongo la maji. Upande wa juu halikuwa na kina. Huku chini lilikuwa na kina cha mtu mzima, likapinda kushoto kabla ya nyumba ya Nyirarukundo na kumwaga kwenye mtaro mkubwa wa mawe ulio kando ya barabara.

Mwezi wa nane, kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima ulipewa kazi ya kuisaidia kampuni. Watu walijaza korongo. Walibeba mawe, wakamwaga udongo, wakashindilia, wakaimba. Ilikuwa kazi nzuri ya siku, na waliifanya kwa moyo. Trinah naye alikuwepo. Aliweka chini karai lake, akamuuliza Ntare, meneja wa kampuni, mbele ya watu wote: masika maji yatapita wapi?

"Maji gani, mwalimu?" mtu mmoja alisema nyuma, na watu wakacheka, kwa sababu wakati huo walikuwa wanakohoa vumbi. Ntare alijibu kwamba ardhi itayanywa.

Mvua za vuli zilikuwa chache mwaka ule. Maji yaligusa ua wa Nyirarukundo mara mbili, yakaacha mchanga, na watu wakasema mtaro wa barabarani umeziba. Januari na Februari jua lilirudi. Magari yalikuja kutoka Kagugu na mitaa mingine ya mbali, watu wenye viatu vipya na chupa za maji za chuma, wakapiga picha kwenye ngazi. Hamidu alipata wateja wa traksuti ambao hakuwahi kuwaota. Kisha masika yakafika, na udongo uliojazwa kwenye korongo, ambao ulikuwa umekaa miezi sita tu na kushikwa na nyasi za kupandikiza, ukafanya kile ambacho udongo wa namna hiyo hufanya. Ukalainika upande wa juu, ukashuka, ukaziba kabisa ile kona ya kushoto. Maji yakabaki na ngazi. Ngazi zilikuwa zimenyooka kama rula, na mwisho wa rula ile ulikuwa ukuta wa nyuma wa chumba cha Nyirarukundo.

Nyumba ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote. Maji ndiyo yaliyohamishwa, na aliyeyahamisha hakupakwa alama popote.

*

Saa nne Trinah alimkuta Ntare kwenye kibanda cha kampuni, mwanzo wa njia. Wafanyakazi wake walikuwa wanasimamisha bango jipya, la bati zito, lenye herufi safi. Lilikuwa limetengenezwa kiwandani Masoro na bado lilikuwa na nailoni pembeni. Trinah alilisoma mpaka mwisho.

*Tahadhari. Wakazi wanaombwa kuacha kutupa takataka kwenye mifereji. Takataka ndizo chanzo cha mafuriko. Tunza mlima wako.*

Aliona damu ikimpanda hadi masikioni. Alisubiri ishuke kabla ya kusema, kwa kuwa alijua sauti yake ikipanda watajadili sauti yake badala ya hoja.

"Bwana Ntare. Takataka gani?"

"Mwalimu! Good morning. Karibu sana." Ntare alikulia Kampala, akasomea biashara, na alikuwa na tabasamu ambalo halikumwacha hata alipokuwa anakasirika. "Iko chupa, iko mifuko. Wewe unajua watu wetu."

"Nimetoa tope nyumbani kwa Nyirarukundo tangu saa kumi na mbili na nusu. Nimetoa mbao zako. Chupa sikuiona hata moja."

"Yule mama, pole yake. Kweli namhurumia. Lakini nyumba yake iko katika eneo la hatari, si mimi nimesema."

"Ni eneo la hatari tangu lini?"

"Mlima ni mlima, dada yangu. Maji ya mlima yanashuka."

"Yanashuka kwa njia yake. Wewe umeweka ngazi kwenye njia yake."

"Dizaini ilifanywa na wataalamu."

"Walikuja mwezi gani?"

"Wa saba."

"Wakarudi mwezi gani?"

"Warudi kufanya nini? Kazi ilikuwa imeisha."

"Na wewe mwenyewe, umewahi kusimama hapa mvua ikinyesha?"

Ntare aliangalia wafanyakazi wake, kama mtu anayetaka mashahidi wa upuuzi. "Mwalimu, mvua ikinyesha, nani anasimama nje?"

Wafanyakazi walicheka, na hilo lilikuwa kweli. Katika mji huu mvua ikianza kila kitu husimama. Mwenye pikipiki huiegesha chini ya upenu wa duka asilolijua, mwenye miadi hukaa alipo na anayemsubiri hamlaumu, harusi husogea, kikao hukatika. Watu hujibanza ukutani bega kwa bega na kutazama barabara mpaka ikatike. Kisha hutoka, na kila kitu kimeshaoshwa. Mtaa mzima ulikuwa umeishi chini ya mlima ule, na hakuna mtu, isipokuwa mwanamke mmoja kwenye nyumba ya mwisho, aliyewahi kuona maji yake yanapita wapi. Watu waliona mchanga tu, baadaye.

*

Hamidu alimsubiri nje ya duka lake la ushonaji, na uso wake haukuwa wa mzaha.

"Umemwambia nini yule bwana?"

"Ukweli."

"Ukweli una namna yake, mwalimu. Akifunga ile njia, nani anaumia? Mimi na goti langu hili? Zamani tulipanda kwa kushika mizizi kama nyani. Sasa nina ngazi. Nina wateja. Vijana wa hapa wanaongoza wageni, wanapata riziki. Wewe unataka turudi kwenye mizizi?"

"Nataka maji yarudi kwenye korongo. Ngazi zinaweza kupita juu yake, kwa daraja. Mita chache tu hapo kwenye kona."

"Basi mwambie daraja."

"Nimemwambia nilipokuwa naondoka. Amesema bajeti ya mwaka imefungwa. Nyumba ya Nyirarukundo haina bajeti, kwa hiyo ndiyo inayoweza kuvunjwa."

Hamidu aliuma uzi kwa meno, akaangalia cherehani. "Wanasema pale kwake patakuwa maegesho ya magari. Kuna bango limeshachorwa, liko nyuma ya kibanda, limefunikwa turubai. Sema hilo kwenye kikao. Watu watawaka."

"Umeliona?"

"Nimesikia."

"Mimi sijaliona. Sitalisema."

"Ah, mwalimu! Yaani umepewa kisu unataka kukata kwa kijiko."

"Likiwa la uongo, watalikanusha hilo moja na kila nilichosema kitaenda nalo. Mimi nasema ninachoweza kukionyesha."

"Basi onyesha," Hamidu alisema kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kwake. "Kwa sababu mimi nilijaza lile korongo kwa mikono yangu, niliimba, na sijaona kosa. Nionyeshe."

Jumatatu Trinah alienda kwenye ofisi ya serikali inayomsimamia Mahoro, akaenda tena Alhamisi. Mara zote mbili walimsikiliza vizuri, wakamkalisha, wakamwambia suala la mtaa huanzia mtaani: alilete kwenye kikao cha baada ya umuganda. Umuganda ulikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nyumba ilikuwa na tarehe ya siku nne baadaye.

*

Kazi iliyopangwa Jumamosi hiyo ilikuwa kuokota takataka kwenye njia ya Miguu Juu na kuzibua mtaro wa barabarani. Wale wa mtaroni walikuja na majembe na makoleo, wengine na magunia. Magunia yalirudi matupu. Kulikuwa na kandambili moja, maganda ya muwa, na chupa mbili za maji za aina ambayo hakuna mtu wa Rwezamenyo aliyeinunua. Trinah aliomba zimwagwe chini mbele ya bango la tahadhari, ili kila mtu aone chanzo cha mafuriko kwa macho yake. Watu waliangalia. Mtu mmoja alisema, "Kandambili hii ina nguvu."

Kikao kilikaa kwenye uwanja mbele ya kibanda, watu kwenye nyasi, Mahoro amesimama na Ntare pembeni yake. Nyirarukundo alipewa kiti cha plastiki. Alikuwa amekuja na jembe lake, ingawa kwa umri wake hakuna aliyemdai kazi.

Trinah alizungumza kwa ufupi. Alieleza korongo lilikuwa wapi, lilijazwa lini, maji yalianza kuingia kwa Nyirarukundo lini. Alisema kona ya kushoto ikifunguliwa, maji yatarudi mtaroni, na nyumba haitakuwa na hatari yoyote ambayo haikuwa nayo miaka yote. Aliomba tarehe ya kubomoa isogezwe mpaka hilo lifanyike.

Ntare aliomba nafasi. Alizungumza vizuri, kwa Kinyarwanda cha heshima. Alisema kampuni inamjali kila mkazi, kwamba usalama wa maisha ni muhimu kuliko kuta, na kwamba itakuwa huzuni kubwa mama yetu huyu akifukiwa usiku kwa sababu ya watu wanaojali hoja kuliko uhai wake. Wapo waliotikisa kichwa kwa kukubali. Trinah aliona wanavyotikisa, akahisi hasira iliyokaa kifuani mwake wiki mbili ikigeuka kitu kigumu, chenye umbo. Mtu aliyeleta hatari mlangoni mwa mwanamke alikuwa anashukuriwa kwa kumwonya.

"Mimi sifukiwi," Nyirarukundo alisema kutoka kwenye kiti chake. "Ngazi ndiyo inafukiwa. Ng'oa ngazi."

Watu walicheka, na kabla kicheko hakijaisha tone la kwanza lilipiga bati la kibanda. Kisha la pili. Kisha mlima wote ukapotea nyuma ya mvua.

Uwanja ukawa mtupu kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Watu walikimbilia upenu wa kibanda, wakajibana, magunia vichwani, wanawake wakivutana kanga, na kiti cha Nyirarukundo kikabebwa naye akiwa juu yake. Mahoro alikimbia na wengine, mkono mmoja hewani, katikati ya sentensi aliyokuwa anaanza.

Trinah alibaki uwanjani.

Hakuwa amepanga. Aliona tu kwamba ikiwa ataingia chini ya upenu, watasimama hapo wote mpaka ikatike, kisha watakwenda nyumbani, na Jumatano itafika.

"Mwalimu, njoo!" watu walimwita. "Utaugua!"

"Njooni nyinyi," alisema. Maji yalikuwa yanamwingia mdomoni. "Mmeniambia nionyeshe maji. Haya hapa."

"Amechanganyikiwa."

"Mwalimu wa watoto wetu huyo, jamani!"

"Bwana Ntare, uliniuliza nani anasimama nje mvua ikinyesha. Mimi. Njoo tuone ardhi inavyokunywa."

Ntare alitabasamu na kuonyesha viatu vyake. Watu chini ya upenu walicheka, na safari hii kicheko kilikuwa upande wake. Kikaendelea, kisha kikapungua, kwa sababu mtu alikuwa anasukumana kutoka katikati ya umati akisema samahani, samahani. Alikuwa Fundi Hamidu, katika traksuti mpya ambayo aliivaa siku hiyo mara ya kwanza. Alisimama kwenye ukingo wa upenu, akaitazama traksuti yake, akaitazama mvua.

"Ikichuja rangi, mwalimu, utanunua nyingine," alisema, akatoka.

Baada yake walitoka vijana wa klabu. Baada yao wanawake wawili jirani na Nyirarukundo. Kisha wengine, kwa aibu ya kubaki. Mahoro alitoka kwa sababu alikuwa kiongozi na watu wake walikuwa wanakwenda bila yeye. Ntare alitoka wa mwisho, na mwavuli.

Hawakuhitaji kupanda mbali. Mahali ambapo kona ya kushoto ilikuwa zamani, walisimama wakaona. Maji yalishuka kwenye ngazi kwa upana wake wote, ubao hadi ubao, mekundu, yakiruka kila kidato na kutua kwenye kilichofuata kwa sauti kama ya nguo nzito zikipigwa jiweni. Hayakunywewa na chochote. Pembeni, kwenye kijazio cha udongo walichokishindilia mwezi wa nane, nyasi za kupandikiza zilisimama bila kuguswa. Maji yaliupita mlango wao wa zamani ukiwa umefungwa, yakanyooka, yakaingia ua wa Nyirarukundo kupitia uzio wa mianzi, na kutoka pale juu walisikia sufuria zikigongana ndani ya nyumba.

Hamidu alikuwa anaangalia kile kijazio. Alikumbuka alisimama wapi siku ile. Trinah aliliona hilo kwa jinsi alivyosogea, hatua moja, mpaka palepale.

"Niliimba," alisema.

Akachukua jembe kutoka kwa kijana aliyekuwa karibu, akalinyanyua.

"Simama!" Ntare alipita mbele yake, mwavuli umepinduka. "Hii ni mali ya kampuni. Nani ametoa ruhusa ya kuchimba? Mudugudu, waambie. Yeyote atakayegusa hapa tutafuatana kisheria."

Jembe la Hamidu lilibaki hewani. Watu walimwangalia Mahoro. Mahoro aliangalia maji.

Trinah aliyajua masharti ya umuganda kama kila mkazi alivyoyajua. Kazi hufunguliwa na kiongozi, na hufungwa na kiongozi, mwisho wa kikao, kwa maneno. Mpaka hayo yatamkwe, mtu hana ruhusa ya kufungua duka wala kuwasha pikipiki ya biashara.

"Mudugudu," alisema, "umefunga umuganda?"

Mahoro alifuta maji usoni. "Nini?"

"Mvua ilikukuta unaongea. Ulifunga, hukufunga?"

Ilimchukua muda. Trinah aliona swali likimwingia, na aliona pia kwamba Mahoro ameshaelewa jibu lake linamwelekeza wapi na anatamani kuwa mahali pengine. Aliona tarehe ya Jumatano ikipita usoni mwake, na ofisi, na kopo la rangi.

"Sijafunga," Mahoro alisema.

"Basi bado tuko kazini. Na kazi ya leo uliitangaza mwenyewe, asubuhi."

"Kuzibua mtaro," mmoja wa wanawake alisema kwa sauti.

"Ule wa barabarani!" Ntare alisema. "Wa barabarani, Mudugudu, si huu."

"Huu ndio unaomwaga ule," alisema Hamidu. "Mikono imeanza kuchoka, Mudugudu. Nishushe jembe mbele au nyuma?"

Mahoro alishuka kwenye ngazi, akatumbukia kwenye maji hadi magotini, akamnyang'anya kijana mwingine koleo lake, akalichoma kwenye nyasi za kupandikiza.

Walichimba mvua ikinyesha. Udongo ulikuwa laini, mawe waliyoyaweka wenyewe waliyakuta yalipo, na walipotoa lile kubwa la chini, maji yaligeuka yenyewe, kwa ghafla, yakaingia kwenye korongo lao la zamani na kupinda kushoto kuelekea barabarani. Kwenye ngazi za chini pakabaki mchuruziko. Ntare alipiga picha kila kitu kwa simu, na Trinah alimwomba asisahau kuonyesha upande ambao maji yalikwenda.

Nyirarukundo alikuwa ameshuka peke yake hadi kwake. Walipomfikia alikuwa amesimama uani na jembe begani, akiangalia ardhi.

"Yamesimama," alisema. "Sasa nani atatoa yaliyoingia?"

Mahoro alifunga umuganda saa nane kasoro robo, akiwa ameshika ndoo.

Jumapili ilinyesha alfajiri. Jumatatu ilinyesha mchana kutwa. Maji yalipita kwenye korongo. Jumanne wafanyakazi wa Miguu Juu waliweka kamba kwenye mwanzo wa njia na kibao cha "Imefungwa kwa matengenezo". Kamba ilizuia ngazi tu. Watu walipita pembeni. Bango la tahadhari lilibaki palepale, na kampuni haikutoa neno la radhi kwa mtu yeyote.

Jumatano, tangu saa mbili asubuhi, klabu ilikaa barazani kwa Nyirarukundo na traksuti zake, ambazo rangi yake ilikuwa imechuja mabegani. Hakuna aliyekuja kubomoa.

Alhamisi jioni Mahoro alikuja peke yake, na brashi na kopo la rangi nyeupe. Hakueleza ofisi ilisema nini, wala kama ilisema. Alipaka juu ya ile X, mkono wa kwanza, kisha wa pili, akarudi nyuma kuangalia.

"Umesahau kona ya chini," Nyirarukundo alisema.

Mahoro aliinama, akaipaka.